Birika Halikubadilishwa

Nairobi, 9 Septemba 2024

Kwako Baba Mkubwa Thaddée,

Nakuamkia wewe, Mama Mkubwa Maombi na kaka Rigobert. Huku kwetu mgongo wa Mama umepata nafuu na amerudi kupika mwenyewe, kwa sababu chakula cha msichana wa kazi hakimridhishi. Nimehamia karibu na chuo; anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Naandika kwa kalamu na karatasi kama ulivyoniagiza, ingawa wanafunzi walionikuta ofisini walidhani naandika wosia.

Baba Mkubwa, makala yangu imetoka. Ni ile kazi niliyoifanya nilipokuwa naishi kwenu, juu ya akina mama wa Kongo wa Minneapolis na Saint Paul, na namna wanavyowaficha watoto wao habari za waliokufa njiani na kambini. Imechapishwa kwa Kiingereza katika jarida la kitaalamu. Jina lako liko mwishoni kwenye shukrani, kama mkalimani aliyenifungulia milango.

Nilidhani kuchapishwa ndio mwisho wa safari. Mkuu wa idara aliniita akanionyesha kwenye kompyuta idadi ya watu waliofungua makala hiyo: kumi na mmoja, na nadhani watano kati yao ni mimi mwenyewe. Mkataba wangu ni wa majaribio hadi Machi, naye anataka kuona kwamba kazi zangu zinasomwa. Tumepewa hata semina. Wanasema mtafiti asiiache makala ikae pekee kama mtoto yatima. Aandike muhtasari wa lugha nyepesi, aipeleke kwa watu inayowahusu, azungumze redioni, wala asione haya kujitangaza.

Kwa hiyo nakuomba unisaidie. Nimeweka muhtasari humu ndani. Uufasiri, uusome kanisani Mchungaji Jotham akikuruhusu, na Rigobert aweke kiungo cha makala kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Wale akina mama walitupa chai yao na machozi yao. Wana haki ya kujua kilichotokana nayo.

Nasubiri jibu lako kwa hamu sana sana.

Mwanao,
Uwamariya


Inver Grove Heights, 6 Oktoba 2024

Binti yangu Uwamariya,

Barua yako ilifika baada ya wiki mbili, ikiwa imelowa kona moja. Tunamshukuru Mungu kwa mgongo wa mama yako. Maombi angali anafanya kazi katika nyumba ya wazee na hurudi na miguu iliyovimba. Rigobert bado yuko kwenye ghala la Eagan. Majani yameanza kuanguka, na goti langu limeshanieleza habari za baridi kabla ya redio.

Nakupongeza. "Sana" moja ingetosha.

Nimeufasiri muhtasari wako na kuusoma Jumapili iliyopita. Unajua kwamba tunaupanga ukumbi wa Walutheri alasiri, wenyewe wakishaondoka, na kwamba hatupewi muda mrefu. Hata hivyo watu walisikiliza. Mzee mmoja aliuliza kama makala hiyo itawaletea wajane msaada wowote. Nilimjibu kwamba ni makala, si mradi, akakaa chini.

Rigobert alikipeleka kiungo kwenye kundi la watu wazima na pia kwenye kundi la kwaya ya vijana, kwa maana alisema wazazi hawasomi Kiingereza. Nilipomuuliza kama amemaliza, alinijibu, "Baba, nimesha-send." Nimekuandikia neno hilo kama lilivyotoka kinywani mwake, ili ujue ninaishi na nani.

Mutesi alikuja kunisalimu baada ya ibada, akiwa na binti yake Reine. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni yale yale tuliyoyazungumza nyumbani kwake Champlin. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Lakini binti yako alicheka." Nami nakumbuka. Alipokuuliza ni nani atakayeyasoma hayo, ulicheka ukamwambia, "Shangazi, hata mwalimu wangu hatayamaliza." Yeye pia alicheka siku ile, ndipo akaanza kusema.

Mimi mwenyewe makala nzima sijaisoma. Kiingereza changu nilijifunza ukubwani, nacho hunichosha macho. Nimetosheka na muhtasari.

Msalimu mama yako.

Baba Mkubwa wako,
Thaddée Twagirayezu


Nairobi, 30 Oktoba 2024

Kwako Baba Mkubwa,

Pokea salamu za mvua, ambayo sasa imeanza kwa fujo. Mama anakusalimu na kusema unywe tangawizi kwa ajili ya goti.

Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Tangu mlipotangaza, idadi imepanda hadi mia mbili na zaidi, na ramani inaonyesha kwamba wengi wako huko kwenu. Mkuu wa idara alinisimamisha kwenye korido, mtu ambaye mwaka mzima ameniita kwa jina la mhadhiri mwingine. Sasa ananiita kwa jina langu.

Kuna habari nyingine. Kipindi kimoja cha mtandaoni kimenialika nizungumze mwishoni mwa Novemba. Kinasikilizwa Nairobi, Kampala, hata huko Amerika. Mtangazaji ameniambia nisije na takwimu, nije na mtu mmoja. Nimeamua kusimulia habari ya birika. Unaikumbuka: mama aliyefiwa na binti yake kambini wiki moja kabla ya majina yao kuitwa kwa safari, na aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake akamsafirisha kwa jina la yule aliyekufa, akampa birika la buluu alishike kwa mikono miwili na kulitazama, ili asiitike akisikia mtu akitaja jina lake la kweli. Kila ninapoisoma sehemu hiyo darasani hakuna anayekohoa.

Bila shaka sitamtaja Shangazi Mutesi. Kwenye makala anaitwa Bibi K.

Wanahitaji picha ya kuweka kwenye tangazo. Je, Rigobert anaweza kupiga picha ya jiko la nyumba yoyote ya watu wetu, bila sura ya mtu?

Shangazi Mutesi hajambo? Mpe salamu zangu.

Mwanao,
Uwamariya


Inver Grove Heights, 19 Novemba 2024

Uwamariya,

Salamu kwako na kwa mama yako. Hapa tumepata theluji ya kwanza. Maombi yuko salama.

Kuna jambo limetokea nyumbani kwa Mutesi. Sitaliandika. Habari ya birika usiisimulie popote, na huko kwenye kipindi usiende.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Katika nyumba hii kila simu huzungumza kwa sauti ya nje, na neno hili si la kusikiwa jikoni.

Picha haitapigwa.

Baba Mkubwa wako,
Thaddée


Nairobi, 12 Desemba 2024

Kwako Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama hajambo. Nimepokea barua yako leo. Kipindi kilirekodiwa tarehe 28 Novemba na kurushwa siku hiyo hiyo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta kosa nililolifanya. Kila mama alitia sahihi. Kamati ya maadili ya chuo kikuu cha huko iliidhinisha kila swali. Nilibadilisha jina lake, umri wake, mji anakokaa, kabila lake, idadi ya watoto wake, hata kazi yake. Hakuna mtu duniani anayeweza kumtambua Bibi K.

Ungenipigia simu, Baba Mkubwa. Dakika moja ingetosha. Ungesema "usiende", nami nisingekwenda.

Kama kuna tatizo, niambie ni tatizo gani. Ninatathminiwa Machi, na watu wengi wameniandikia baada ya kipindi. Wengine walilia. Sielewi kwa nini kitu kilichowagusa watu hivyo kiwe kibaya.

Nawatakieni Noeli njema.

Uwamariya


Inver Grove Heights, 5 Januari 2025

Binti yangu Uwamariya,

Nakusalimu katika mwaka mpya. Maombi alianguka kwenye barafu mbele ya mlango lakini hakuvunjika mfupa. Rigobert anaomba umtumie kahawa. Tulisali Noeli watu wachache.

Umetaka niandike, basi naandika.

Reine alikuja kwetu Jumamosi moja ya Novemba, kabla sijakuandikia ile barua fupi. Unamjua: binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Rigobert. Alikaa bila kuvua koti, akanisogezea simu yake.

"Babu, unajua hii?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Mimi sisomi simu za watu."

"Basi nitakusomea."

Akasoma, nami niliyafahamu maneno yale, kwa kuwa niliyafasiri kwa kinywa changu siku Mutesi alipoyasema. Kisha akakiacha Kiingereza. Tangu nimfahamu mtoto huyu, ukimsalimu kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiingereza. Siku ile alisema Kiswahili, kwa kukwama, lakini alisema.

"Hii birika ni ya kwetu. Ni mimi nilibeba. Kila Noeli Mama anasemaga mbele ya watu, Reine ndiye alileta birika Amerika, na watu wanacheka. Nakumbuka nilikuwa naangalia ndani. Ni kitu cha kwanza nakumbuka katika maisha. Sasa hapa wameandika kwa nini nilipewa."

Nilimrudishia simu yake.

"Kumbe Reine alikufa," alisema. "Mimi naitwa nani, Babu?"

"Kamuulize mama yako."

"Nimemuuliza. Alifungua maji akaosha sahani ambazo zilikuwa safi."

Uwamariya, ulibadilisha jina, umri na mji. Birika halikubadilishwa. Nadhani hukuliona kuwa ni mtu. Liko Champlin juu ya friji, limezibwa kwa kizibo cha mti, na kila mtoto wa kanisa letu amewahi kuonyeshwa.

Jambo jingine hatukulifikiri, wewe wala mimi. Mutesi alikuambia mambo yale kwa lugha ya nyumbani, nami nikayaweka katika Kiswahili, nawe ukayaweka katika Kiingereza. Sote watatu tulidhani kwamba tumeyapeleka mbali naye. Kumbe tuliyaondoa katika lugha asiyoijua binti yake, tukayaweka katika lugha anayoijua yeye peke yake nyumbani mle.

Reine alihama mwezi huo huo. Anakaa Eagan na rafiki yake, na anafanya kazi ghala moja na Rigobert. Rigobert anasema ameigeuza beji yake kifuani, jina likatazama ndani, na msimamizi akimwita haitiki mpaka amguse bega.

Baada ya kipindi chako mambo yalizidi. Kijana mmoja alikisikiliza ndani ya gari kwenye maegesho ya kanisa, milango ikiwa wazi. Wanawake wawili walimfuata Mutesi. Mmoja akamwambia, "Mama Reine, lile birika lako bado unalo? Naona limekuwa maarufu." Mwenzake akacheka. Tangu siku hiyo Mutesi hajaja ibadani. Unajua vilevile kwamba mtoto yule aliingia nchi hii kwa jina la marehemu, na unajua siku hizi nchi hii inavyowatazama wahamiaji. Gari lisilojulikana likisimama mbele ya nyumba, Mutesi huzima taa za sebuleni mchana.

Kazi yako inataka isomwe. Yeye anahitaji isisomwe. Iondoe.

Baba Mkubwa wako,
Thaddée


Nairobi, 2 Februari 2025

Kwako Baba Mkubwa,

Nampa Mama Mkubwa pole ya kuanguka. Kahawa nimempa mtu anayesafiri kwenda Minneapolis; Rigobert atapigiwa simu.

Siku mbili baada ya kupata barua yako niliwaandikia wahariri wa jarida. Wamenijibu kwa adabu. Makala haiondolewi bila sababu, na sababu huchapishwa mahali makala ilipokuwa, chini ya jina langu, ili kila mtu aione. Nikieleza kwa nini nataka iondolewe, nitakuwa nimemwandika Shangazi Mutesi mara ya pili. Nisipoeleza, watadhani nilighushi, na watu wataitafuta kwa udadisi. Nimebaki na barua yao mezani.

Kipindi nimeomba kifutwe, na kimefutwa. Lakini nilikikuta kwenye kurasa nyingine mbili, za watu nisiowajua.

Jana mkuu wa idara alisimama katika kikao akanitolea mfano kwa wenzangu, kwamba hivi ndivyo mtafiti anavyoitangaza kazi yake. Walipiga makofi. Nikamshukuru.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Jina ambalo dada yake Mutesi alimpa mtoto wake, Mutesi alilitaja siku ile. Sikuliandika katika makala wala popote. Liko kwenye sauti niliyonasa, na kwa kanuni za chuo sauti hizo natakiwa kuziharibu mwezi wa sita. Nimeisikiliza tena. Linasikika vizuri. Kama mama yake hataki kumwambia, je, nimpigie Reine nimpe jina lake? Ni lake. Labda hilo ni jema moja ninaloweza kulitenda.

Niambie upesi. Ukiweza, kwa simu.

Uwamariya


Inver Grove Heights, 23 Machi 2025

Binti yangu Uwamariya,

Nilikujibu kwa simu, kwa neno moja, nawe ulitii. Yaliyobaki nayaandika.

Maombi anatembea vizuri. Kahawa ilifika. Mama yako amemwambia Maombi kwamba mkataba wako umeongezwa kwa miaka mitatu. Nakupongeza kama inavyonipasa. Huku barafu ya mto inapasuka, na usiku husikika kama milango inayofungwa.

Nilikuambia "usimpigie" kwa sababu jina hilo nami ninalijua. Nilikuwepo. Reine amenijia mara tatu kuliuliza, na mara ya mwisho alisimama mlangoni asikubali kuketi. Nilimwambia nitampeleka kwa mama yake, lakini kinywa changu hakitalitoa.

Tulikwenda Jumapili iliyopita, wakati wenzetu wakiwa ibadani. Rigobert aliendesha. Reine alikaa nyuma kutoka Eagan hadi Champlin.

Mutesi alifungua mlango akatuona. Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, umeniletea nini tena?"

"Nimekuletea mtoto," nikasema.

"Na hiyo iliyo mkononi?"

Ilikuwa simu ya Rigobert, ikiwa na makala yako, endapo angetaka kujua yaliyoandikwa. Mutesi akasema kwamba kila mtu amekwisha kuyasoma maneno yake isipokuwa yeye, na kwamba kama nimekuja nayo basi nimsomee, yote, kwa Kiswahili, bila kuruka. Nilivaa miwani. Kwa hiyo siku ile idadi yako iliongezeka kwa msomaji mmoja, na msomaji huyo alikuwa mimi.

Nilisoma polepole. Reine alibaki amesimama karibu na friji, ambayo juu yake hapana kitu sasa. Nilipofika kwenye birika nilisita, Mutesi akaniambia, "Endelea." Mahali pamoja uliandika kwamba Bibi K. alisimulia bila kuonyesha huzuni. Hapo aliinua mkono.

"Ni nani aliyemwambia hivyo?"

"Alikutazama."

"Nilikuwa na mgeni," alisema Mutesi. "Nilikuwa nimepika."

Nikamaliza ukurasa. Reine ndiye aliyesema, kwa kile Kiswahili chake:

"Mama, sitaki makala. Nataka jina tu."

Mutesi akanyoosha kidole, si kwa Reine, kwangu.

"Nililitaja mara moja katika nyumba hii," alisema, "na huyu alikuwa ameketi hapo hapo. Mwalimu, toka nje. Na hiyo simu utoke nayo."

Nimefundisha miaka thelathini na minane, na hapana mtu aliyewahi kunitoa nje ya chumba. Nilitoka. Rigobert alitaka kuwasha gari ili nipate joto, nikamkataza, maana ngurumo ingefika ndani. Tulisimama kwenye theluji iliyochafuka. Pazia lilikuwa limefungwa.

Alitoka peke yake. Mutesi hakumsindikiza mlangoni, wala hakupunga mkono. Reine aliingia nyuma ya gari akafunga mkanda. Rigobert akamuuliza kwa Kiingereza anataka kupelekwa wapi. Akajibu kwa Kiswahili, "Eagan." Sikuona usoni mwake kitu ninachoweza kukuandikia. Uso wa mtu niliacha kuufasiri mchana ule.

Utataka kujua kama Mutesi alilitaja jina. Sijui. Nilikuwa nje. Ile sauti iharibu kabla ya mwezi wa sita, wala usiisikilize tena kwanza.

Wasalimu wa nyumbani kwenu.

Baba Mkubwa wako,
Thaddée Twagirayezu